Godoro la Chumba cha Shingo

Marinus Hoekzema
Barabara ya Kanisa, Marne Falls, Michigan
Alhamisi, 6 Februari

Kwa Bwana Prescott Lindgren,
Mkurugenzi Mtendaji mpya,
Kampuni ya Magitaa ya Teerling

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kosa wanalofanya watu wengi wanaporithi kitu cha zamani ni kukipangusa vumbi kabla ya kuuliza vumbi hilo lilikuwa na kazi gani. Wewe hukufanya kosa hilo. Wewe umelichukua vumbi lenyewe, ukalitia kwenye kabati la kioo, ukaliwashia taa. Kosa la namna hiyo sijawahi kuliona katika miaka yangu sabini na minane, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kupenda kueleza mambo, nimeona nikueleze taratibu.

Nilifanya kazi Teerling miaka arobaini na mmoja, na mingi kati ya hiyo nilikuwa msimamizi wa chumba cha shingo. Sasa nimestaafu. Naondoa theluji mlangoni, nacheza karata Jumatano, na sijiombei chochote. Nakuandikia kuhusu godoro, na kuhusu Arlene Kuipers, ambaye Jumatatu hii ataondolewa kwenye benchi alilolifanyia kazi miaka thelathini na saba. Mambo hayo mawili ni jambo moja, kama utakavyoona ukinivumilia. Nimeyapa malalamiko yangu namba, kwa sababu naambiwa huko juu hamsomi kitu kisicho na namba.

1. Kuhusu kuchukuliwa kwa godoro.

Naambiwa kabla ya kuja kwetu ulikuwa ukiongoza kampuni ya mishumaa ya manukato. Mshumaa hauna shingo, kwa hiyo si aibu kama hukujua haya. Gitaa letu la umeme ni vipande viwili vikubwa vya mbao ya mkangazi. Mwisho wa shingo kuna ulimi wa mbao, na kwenye kiwiliwili kuna tundu la kuupokea. Ulimi ukikaa sawasawa, uzi mmoja ukipigwa mbao yote inatetemeka, na mpigaji anausikia tumboni kabla hajausikia masikioni. Usipokaa sawasawa, gundi itaficha aibu mwaka mmoja au miwili. Gundi ni kama sifa za msibani, inafunika mengi lakini si kwa muda mrefu. Mwishowe shingo inalegea, na mtu aliyetuamini anasimama jukwaani Toledo, mbele ya watu, na gitaa lisiloshika sauti.

Ndiyo maana chumba cha shingo kina desturi. Kabla ya gundi, fundi anaichomeka shingo ikiwa kavu, analishika gitaa kwa shingo hiyo, analinyanyua hadi usawa wa kifua na kuhesabu hadi kumi. Likishika, linakwenda kwenye gundi. Kiwiliwili kikichomoka, kinaangukia godoro lililotandikwa chini, na fundi anarudi kwenye patasi yake. Arlene huhesabu kwa Kiholanzi alichofundishwa na bibi yake, na kwa kuwa hakijui kupita kumi, kinamtosha. Desturi hiyo iliwekwa na mwanzilishi wetu, mzee Hendrik Teerling, mwaka 1954, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuigusa. Hiyo ndiyo nguzo ya barua yangu, na nitairudia.

Mwezi uliopita ulishuka kukagua. Arlene alinyanyua gitaa, akafika hesabu ya sita, kiwiliwili kikaenda chini. Nasikia uliruka kama mtu aliyekanyaga paka. Ukauliza hilo godoro chakavu linafanya nini kiwandani. Arlene akakujibu, na nakubali kwamba alijibu kwa utani, maana ndivyo alivyo:

"Hilo ndiye mkaguzi wetu mkuu, bosi. Linalala kazini, lakini halijawahi kudanganya."

Ulicheka, ukasema ni jambo zuri mno, ukapiga picha. Arlene aliniambia kwamba alirudi nyumbani jioni hiyo akimwambia mumewe kuwa huenda mkurugenzi huyu mpya ni mtu wa maana. Kesho yake wakaja watu wawili wenye glavu nyeupe, wakalibeba godoro kama maiti ya askofu. Sasa liko ukumbi wa mapokezi, ndani ya kioo, na chini yake pana maandishi: "Godoro la Mwanzilishi, 1954. Hapa Hendrik Teerling alijilaza akisubiri gundi ikauke."

Mheshimiwa, mzee Hendrik alikuwa mzee wa kanisa la Matengenezo la Waholanzi, ambako uvivu ni dhambi. Mtu yule hakujilaza mchana hata siku aliyovunjika mguu.

2. Kuhusu sakafu.

Ulipoondoa godoro, hukuweka kitu mahali pake. Chini ya godoro pana saruji, na saruji haina huruma. Arlene aliendelea na kazi yake kama kawaida, kwa sababu hakuna aliyemwambia asiendelee. Wiki ya kwanza viwiliwili vitatu vilianguka, vikapasuka. Akaitwa ofisini akaambiwa anaharibu mali ya kampuni. Alieleza, kwa adabu, kwamba viwiliwili vile vilikuwa vibovu kabla ya kuanguka, na kwamba kuanguka kulikuwa taarifa tu. Wakamwandikia onyo.

Wiki ya pili alileta mto mkubwa kutoka kwenye kochi lake, wa rangi ya machungwa, uliofumwa na dada yake. Mto huo ukafanya kazi siku moja na nusu. Kisha akaja kijana wa idara ya chapa, akasema kwa upole kwamba rangi ya machungwa haimo katika rangi za urithi wa Teerling, na wageni wa ziara wanaweza kuuona. Mto ukarudi kochini.

Wiki ya tatu ikatoka amri kwamba kupima kwa kunyanyua kumefutwa. Shingo zote ziende kwenye gundi moja kwa moja, maana takwimu zinaonyesha kwamba tangu upimaji usimame hakuna shingo hata moja iliyoonekana mbovu. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Ni kweli kabisa. Hata mimi tangu niache kupima shinikizo la damu sina ugonjwa.

3. Kuhusu Chumba cha Miaka.

Hili ndilo linaloniuma, kwa hiyo nitalieleza polepole zaidi.

Kuna wateja wanaotaka gitaa jipya lionekane limezeeka. Sina ugomvi nao. Mtu ana haki ya kununua makovu aliyokosa muda wa kuyapata. Lakini umefungua chumba kizima kwa kazi hiyo, kikubwa mara mbili ya chumba cha shingo. Mle ndani watu wazima wanachukua gitaa lililokauka vanishi juzi, wanalikwaruza kwa funguo, wanalipiga kwa mnyororo, wanalisugua msasa mahali ambapo mkono wa mpigaji ungefika baada ya miaka thelathini. Likitoka hapo linaonekana limezunguka baa zote kutoka Detroit hadi Memphis, na bado halijapigwa hata wimbo mmoja.

Huko ndiko unakompeleka Arlene kuanzia Jumatatu. Alinieleza Ijumaa iliyopita kwenye ukumbi wa kanisa, tulipokuwa kwenye foleni ya samaki wa kukaanga. Nilimwuliza habari za kazi. Akatoa mfukoni kifungu cha funguo, akakiweka juu ya sinia yangu, karibu na kabichi.

"Marinus, miaka thelathini na saba, wamenipa funguo," akasema. "Na hakuna hata mmoja unaofungua mlango. Zote za kukwaruzia."

Watu wa nyuma walicheka, naye akacheka nao. Lakini samaki wake hakumla. Mkono wa mwanamke yule, Mheshimiwa, unasikia nafasi ya unene wa karatasi ya sigara kati ya mbao na mbao. Hakuna mwingine kiwandani aliyefunzwa kufanya hivyo, kwa sababu aliyepaswa kuwa mwanafunzi wake mlimhamishia kwenye ziara za wageni. Akiondoka benchini, ujuzi huo unaondoka naye, na utakachobaki nacho ni shingo zinazolegea ndani ya magitaa yenye makovu mazuri sana.

4. Kuhusu harufu.

Umeweka kwenye mapokezi chombo kinachopuliza harufu ya karakana ya zamani. Mke wangu Dorothea aliipenda. Aliniambia inanukia kama mimi nilivyokuwa zamani, kabla sijaanza kunukia dawa ya mgongo. Sina lalamiko kubwa hapa. Nataka tu ujue kwamba mita arobaini kutoka kwenye chombo hicho kuna karakana yenyewe, na mlango wake umeuziba kwa mpira ili harufu isitoke.

5. Kuhusu filamu ya urithi.

Nimeitazama mara mbili. Inamwonyesha fundi mzee mwenye ndevu nyeupe na aproni ya ngozi, akichonga shingo kando ya dirisha, jua likimwangukia begani. Chumba cha shingo hakina dirisha, kwa sababu jua hupinda mbao. Fundi yule ni mwigizaji kutoka Grand Rapids, na patasi ameishika kama mtu anayepaka siagi mkate. Siku ya kupiga picha Arlene alikuwepo, amevaa sweta lake la timu ya Lions lenye doa la gundi. Aliombwa asogee pembeni kidogo. Akasogea. Akaombwa asogee tena. Mwishowe alijikuta koridoni, huku mtu asiyejua upande wenye makali akiwa benchini mwake, akiigiza kuwa yeye.

Lakini mzee kama mimi hawezi kulalamika tu bila kusaidia. Kwa hiyo, baada ya kutafakari, nimeona kosa lako halisi ni kwamba umeishia njiani. Kama godoro limepanda hadhi kwa kutiwa kwenye kioo, basi kila kitu kitiwe kwenye kioo. Naomba ufanye haya:

6. Jiliwa la Arlene, kile kibano cha kushikia mbao, lifuate pamoja na patasi zake. Zana zisizotumika hazichakai, na urithi usiochakaa ndio urithi bora.

7. Arlene mwenyewe atiwe kwenye kabati la tatu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, akiwa na kazi ya kunyanyua gitaa lililokwisha kupakwa gundi, ambalo haliwezi kuanguka. Wageni watapenda. Atolewe saa sita kwa chakula cha mchana. Sweta lake libadilishwe.

8. Kiwanda kiache kutengeneza magitaa. Hili najua litakushtua, lakini hebu tufikiri pamoja. Kila gitaa jipya tunalotengeneza linapunguza sifa ya yale ya zamani. Tangu zamani watu husema, "Hawatengenezi tena kama yale." Kampuni yenye ujasiri ingeisikia sauti ya wateja wake, ikaacha kabisa kutengeneza.

9. Magitaa yaliyokwisha kuuzwa yakusanywe kutoka kwa wapigaji. Watu hao wanayatolea jasho, wanayamwagia bia, wanayakatia nyuzi. Binti mmoja huko Flint analipiga la 1962 kila Jumapili kanisani, na ameling'oa rangi mgongoni kwa kifungo cha mkanda. Rangi ile mngeweza kuing'oa ninyi wenyewe, kwa utaratibu.

10. Mwisho, chapa ya Teerling ibaki jina tu, bila kitu nyuma yake, kama mshumaa wako wenye harufu ya msitu usiokuwepo. Na wewe, Mheshimiwa, kwa kuwa utakuwa umekamilisha kazi, ujitie kwenye kabati la mwisho karibu na mlango, na chini yako paandikwe: "Aliyehifadhi."

Utaona kwamba hoja zangu zote zinasimama juu ya nguzo ile niliyoitaja: njia ya mwanzilishi haiguswi, na mtu aliyefika jana hana haki ya kuhamisha hata msumari. Kila msimamizi aliyenitangulia aliiheshimu kanuni hiyo. Mimi niliiheshimu. Wewe peke yako ndiye umeivunja, ndani ya wiki sita, ukiwa na viatu vyeupe.

Nisalimie kijana wa idara ya chapa, na umwambie rangi ya machungwa ndiyo rangi ya babu zetu waliotoka Uholanzi, atazame vitabu. Nisalimie binti wa mapokezi anayekaa siku nzima katika harufu ile. Nisalimie wale wawili wa glavu nyeupe. Walibeba kwa uangalifu, sina neno nao. Mwigizaji wa Grand Rapids akipita tena, mwambie patasi hushikwa kwa mikono miwili, mmoja wa kusukuma na mmoja wa kuzuia. Watu wote wa chumba cha shingo wape heri, na Bodi huko Chicago pia, wote kwa jumla, maana hakuna hata mmoja ninayemjua kwa jina.

Ni mimi, niliyekuwa mtumishi wa kampuni yako kabla haijawa yako,

Marinus Hoekzema

Baada ya sahihi. Dorothea ameisoma barua hii mezani, akarudi kwenye ile nguzo yangu, akaisoma mara ya pili kwa sauti. Kisha akavua miwani.

"Marinus," akasema, "lile godoro si la mama yangu?"

Basi imenibidi niongeze haya, maana amesema hataitia barua ya uongo kwenye bahasha yake.

Ni kweli. Godoro lililo ndani ya kioo chako halikuguswa na mzee Hendrik. Lilipoletwa kiwandani, alikuwa kaburini kwa miaka kumi na miwili. Ni la mama mkwe wangu, Bi Gezina, aliyelilalia kila sikukuu ya Shukrani katika chumba chetu cha wageni, akilalamika kwamba linamvunja kiuno. Mwaka 1979 nilifanywa msimamizi wa chumba cha shingo, nikiwa na miaka thelathini na mitatu na viatu vipya. Mwaka ule shingo nyingi zilikuwa zikirudi zimelegea. Kupima kwa kunyanyua hakukuwepo. Desturi hiyo niliibuni mimi, nikaleta godoro kwa gari la kaka yangu, nikalitandika sakafuni bila kumwuliza mtu.

Fundi mkuu wakati huo alikuwa Tunis Kuipers, baba yake Arlene. Alisimama mbele ya wote, akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye viatu.

"Kijana, godoro ni la kulalia," akasema. "Anayelihitaji kazini aende nyumbani akalale."

Jioni hiyo akaandika barua kwa Willem Teerling, mtoto wa mwanzilishi. Kurasa tatu, hoja zote zina namba. Alisema njia ya mzee Hendrik haiguswi, na kwamba mtu aliyefika jana hana haki ya kuhamisha hata msumari. Maneno hayo ni yake; nimegundua leo kwamba nimeyaiba.

Willem hakumjibu kwa barua. Alishuka mwenyewe, akachukua gitaa ambalo Tunis alikuwa ametoka kulichomeka, akalinyanyua juu ya godoro, akaanza kuhesabu. Likaanguka kwenye nne. Tunis aliliokota, akautazama ulimi wake kwa muda mrefu, akarudi kwenye jiliwa. Alipita karibu yangu akasema, bila kuniangalia, "Liache hapo."

Miaka kumi baadaye nilimsikia akimfundisha binti yake kwamba godoro lilikuwa pale tangu enzi za mwanzilishi. Sikumsahihisha. Nililipenda jambo hilo, na baada ya muda nikaanza kulisema na mimi.

Kwa hiyo nguzo yangu imeanguka, na malalamiko yote niliyoyaegemeza juu yake unaweza kuyachana. Ugeni wako si kosa. Nami niliwahi kuwa mgeni. Nilichoona kwa Willem ni kwamba hakuuliza nani mzee na nani mgeni. Aliinyanyua ile shingo akahesabu.

Barua hii nitaileta mapokezi mwenyewe Ijumaa asubuhi, ili uipate kabla ya Jumatatu ya Arlene. Ukimaliza kuisoma, fungua lile kabati leo, lichukue godoro la mama mkwe wangu, ulitandike sakafuni mbele ya benchi la Arlene.